MBWA NA KICHAA CHAKE
Mafunzo kwa Muislamu apandaye Karatu na Ngorongoro

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho kwa hekima yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ni ada ya watu wa pwani, tangu zamani za misafara, kupanda bara kutafuta riziki. Hata leo wako wanunuao vitunguu vya Mang'ola karibu na ziwa Eyasi, wako waendeshao magari ya mizigo na ya wageni katika njia itokayo Arusha kwenda Karatu mpaka lango la Ngorongoro, na wako waliofungua maduka na mabucha wakakaa huko na watoto wao. Watu hawa hukuta misikiti na hukuta ndugu, wala hawaoni ugeni mkubwa. Lakini jambo moja huwashitua, nalo ni wingi wa mbwa.

Pwani mbwa ni wachache, na aonekanapo hufukuzwa kwa jiwe. Huko juu kila boma lina mbwa wake. Mkulima wa Kiiraqw, ambaye watu wa pwani humwita Mmbulu, humweka alinde shamba na ng'ombe. Mmasai wa Ngorongoro humweka ampigie kelele fisi na chui usiku. Na katika mji wa Karatu wako wanaozunguka sokoni na penye mabucha, wakala makombo, wasijulikane ni wa nani. Atokaye kwake alfajiri kwenda msikitini hukutana nao njiani kabla ya kukutana na mwanadamu.

Katika jambo hili Waislamu wengi wamo katika makosa mawili. La kwanza ni kusema: mbwa ni najisi, basi mambo yake si yetu, afe aishi, achanjwe asichanjwe. La pili ni la yule aumwaye na mbwa, akaosha mguu wake kwa ajili ya sala, akaona amekwisha salimika. Kosa la kwanza laacha maradhi yaenee katika mji, na la pili laua mtu mmoja mmoja. Yote mawili hutokana na kuijua nusu ya sharia na kuiacha nusu yake.

FASILI YA KWANZA: MBWA KATIKA SHARIA

Hapana khitilafu katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, kwamba mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa na mate yake au na mwili wake hali ya kuwa kuna umaji, huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakinajisi. Imamu Malik yeye ameona mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha chombo alichoramba ni ibada tu. Khitilafu hiyo ni ya maulamaa, na mtu wa pwani hushika madhehebu yake.

Lakini unajisi wa kitu si rukhsa ya kukidhulumu. Sharia imeruhusu kumweka mbwa wa kuwinda, na wa kulinda mifugo, na wa kulinda mimea. Qurani katika Suratul Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefundishwa, na katika Suratul Kahf imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni, akalala kizingitini pamoja na mawalii wale, wala hakufukuzwa. Basi mbwa wa mkulima wa Karatu na wa Mmasai wa Ngorongoro ni katika wale ambao kuwekwa kwao kuna ruhusa. Kilichokatazwa ni kumweka mbwa bila ya haja.

Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kuna khabari ya mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali. Akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa anahema na kuramba udongo kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumghufiria. Masahaba wakauliza kama katika wanyama pia mna thawabu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawajibu kwamba mna thawabu katika kumtendea wema kila chenye uhai. Na imepokewa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa kwa njaa.

Upande wa pili, sharia haikuwaacha watu wakiumwa. Mbwa mkali ashambuliaye watu ametajwa katika wanyama watano wenye madhara ambao huuawa hata ndani ya Haramu ya Makka. Imamu Nawawi amesema kwamba maulamaa wamekubaliana juu ya kumwua mbwa huyo, na wamekhitalifiana juu ya yule asiyedhuru; na imepokewa kwamba amri ya kuwaua mbwa wa Madina iliondolewa baadaye. Basi njia ya sharia ni ya kati na kati: mwenye madhara huzuiliwa madhara yake, na asiye na madhara haonewi.

FASILI YA PILI: KICHAA CHA MBWA NI NINI

Maradhi haya si pepo wala si uchawi, wala hayaletwi na jua kali. Ni vijidudu viitwavyo virusi, vidogo hata jicho havivioni, vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Waganga wa Kiislamu waliyajua tangu zamani. Ibn Sina ameandika katika Kanuni yake khabari ya kuumwa na mbwa mwenye kichaa na khofu ya maji impatayo mgonjwa.

Mbwa mgonjwa akimwuma mtu, mate huingia katika jeraha. Kisha virusi hushika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa mwanadamu huchukua miezi miwili au mitatu mara nyingi, na pengine huwa wiki chache, au hufika mwaka. Katika muda huo mtu hana ugonjwa wowote: jeraha limepona, anakula, anauza, anasafiri, naye amekwisha kusahau. Huu ndio udanganyifu wa maradhi haya. Na ndio muda ambao dawa hufaa.

Virusi vikifika kwenye ubongo, mahali alipoumwa huanza kuwasha na kufa ganzi, homa hupanda, hawezi kumeza, na akiletewa maji koo hukaza kwa khofu. Hata upepo humshitua. Baada ya hapo hapana dawa ijulikanayo, na wanaopona wahesabika kwa vidole ulimwenguni kote. Hufa kwa siku chache, na mara nyingi akili yake inarudi baina ya mishituko, akajua kinachompata.

Wataalamu walikadiria mwaka 2015 kwamba maradhi haya huua watu kiasi cha 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia. Na katika Tanzania makadirio ya mwaka 2002 yalikuwa kiasi cha 1,500 kwa mwaka. Katika kila watu mia wafao kwa kichaa, 99 wamekipata kwa mbwa. Na katika kila watu kumi waumwao na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wasiotimia miaka 15. Mtoto ndiye achezaye na mbwa, ndiye mfupi auumwaye usoni karibu na ubongo, na ndiye afichaye kwa kuogopa kupigwa.

Alama katika mbwa ni hizi. Mpole huwa mkali, na mkali huwa mnyonge. Huuma bila ya kuchokozwa, hata vijiti na mawe. Sauti hukauka, taya hulegea, mate hutiririka. Huacha kwao akaenda mbali asikokujua, kisha miguu hupooza na kufa kwa siku chache. Si lazima alama zote zionekane, na yule anyamazaye pembeni pia huweza kuwa naye ni mgonjwa.

FASILI YA TATU: YALIYOJULIKANA NGORONGORO

Watu wengi hudhani kwamba kichaa chatoka porini, kwa bweha na fisi, na kwamba Ngorongoro, kwa kuwa ni nchi ya wanyama wa mwitu, haiwezi kusalimika kamwe. Jambo hili limechunguzwa. Tangu miaka ya 1990 matabibu wa wanyama, wa Tanzania na wa nchi za nje, wamefanya kazi katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walikwenda kijiji kwa kijiji na boma kwa boma, wakauliza kila aliyeumwa aliumwa na mbwa gani, na mbwa yule naye aliumwa na nani, mpaka wakauandika mnyororo wa maradhi kama wanavyuoni waandikavyo isnadi.

Wakaona mambo mawili. La kwanza, bweha, fisi na nyegere huambukizwa, na huuma watu, lakini huko kinachoyahifadhi maradhi mwaka baada ya mwaka ni mbwa wa nyumbani. La pili, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, ilionekana kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huwapa maradhi wenziwe kidogo zaidi ya mmoja tu, wala hawafiki wawili. Maana yake, moto huu ni mkali kwa aunguaye, lakini ni dhaifu katika kuenea.

Mtu wa pwani ataelewa haraka kwa mfano wa moto wa makuti. Nyumba moja ikishika moto, cheche huruka hadi paa la jirani. Mapaa yote yakiwa makavu, mtaa wote huteketea. Lakini watu wakiwahi kuyamwagia maji mapaa saba katika kila kumi, cheche huangukia penye maji, na moto hufa wenyewe. Mbwa aliyechanjwa ni paa lililomwagiwa maji. Ndiyo sababu Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza wachanjwe mbwa 70 katika kila 100. Hata idadi ndogo kuliko hiyo huweza kuuzima moto huu. Lakini mbwa wa bara hawaishi miaka mingi, wazee hufa na vitoto huzaliwa, na kila mwezi mapaa makavu huzidi. Kwa hivyo huchanjwa wengi, na chanjo hurudiwa kila mwaka, ili idadi isishuke chini ya mpaka kabla ya msimu wa pili. Na vitoto vya mbwa visirudishwe nyumbani, maana navyo vyafaa kuchanjwa.

Yafaa ijulikane pia kwamba mbwa wengi waitwao koko, wazungukao njiani bila ya kamba, wana nyumba zao. Mchana hutembea, usiku hurudi kulinda. Ndiyo sababu itangazwapo siku ya chanjo, watoto huonekana wakiwavuta kwa kamba kwenda shuleni au penye josho. Kwa wakulima wakaao karibu karibu, mahali pamoja pa kukutania patosha. Kwa Wamasai, ambao maboma yao yako mbali mbali, mahali pamoja hapakutosha: Magai Kaare na wenziwe walionyesha mwaka 2009 kwamba chanjo ya namna hiyo haikufikia hata nusu ya mbwa wa wafugaji, ikabidi kwenda boma kwa boma, au kuwafundisha watu wa huko huko kuchanja.

Taabu nyingine ilikuwa barafu, kwa kuwa chanjo yatakiwa iwekwe katika baridi, na maboma mengi hayana umeme. Nayo imepunguka. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba namna moja ya chanjo ya mbwa hubaki na nguvu yake miezi sita katika joto la digrii 25, na miezi mitatu katika digrii 30. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Tanzania wakatengeneza vyungu vya udongo vipoozwavyo kwa maji, kwa njia ile ile mtungi wa nyumbani upoozavyo maji ya kunywa, wakaweka chanjo humo vijijini. Hekima ya mama wa pwani imekuwa dawa ya boma.

FASILI YA NNE: KUUA HAKUTOSHI

Wako wasemao: kwa nini taabu yote hii? Wapigwe risasi, watiliwe sumu, yaishe. Jawabu ni kwamba njia hii imejaribiwa katika nchi nyingi, na haikukomesha kichaa. Mji ukiua mbwa wake, waliosalia huzaa na chakula hukuta kingi, na wenye haja ya ulinzi huleta wengine kutoka mbali, pengine wakaja na maradhi. Mwenye mbwa humficha, hata siku ya chanjo hamtoi. Na sumu haimjui aliyechanjwa na asiyechanjwa: huua yule aliyekuwa paa la maji, likabaki paa kavu. Huongezwa hapo khatari ya sumu kwa mtoto na mbuzi, na dhulma ya kumwua mnyama wa mtu ambaye sharia imempa rukhsa ya kumweka.

Mbwa mwenye alama za kichaa huyo ni khabari nyingine. Huyo huzuiliwa watu wasimkaribie, na bwana mifugo huitwa haraka. Ikiwa hapana budi huuawa kwa pigo jema lisilomtesa, kwa kuwa Mtume ameamrisha ihsani hata katika kuua; na mzoga wake hauguswi kwa mkono mtupu.

FASILI YA TANO: MFANO WA PEMBA

Asemaye kwamba haya ni ya Wazungu na mbuga zao, na atazame Pemba, kisiwa cha Waislamu. Kichaa kilikuwako huko, na watu waliumwa. Tangu mwaka 2010 ikaanza chanjo ya mbwa kwa mpango na kwa kurudiwa, na mwaka 2014 maradhi yakakatika. Watu wakapumzika, na mwaka 2016 yakaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, yakaenea. Kazi ikaanza upya, na mwaka 2018 yakakatika mara ya pili. Haya yalithibitishwa kwa kuufuata mnyororo wa walioumwa na kwa kuchunguza nasaba ya virusi wenyewe.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, maradhi haya yaweza kukomeshwa katika nchi ya Waislamu, na mikono ya Waislamu, bila ya mtu kuharibikiwa na dini yake. La pili, aliyekoma kulinda huingiliwa. Mbwa mmoja katika jahazi atosha.

FASILI YA SITA: MASALA

Masala ya kwanza. Mtu wa Tanga yuko Karatu, atoka alfajiri kwenda msikitini, mbwa amwuma mguu. Afanye nini kwanza?

Jibu: Arudi kwenye maji pale pale. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa robo saa nzima kwa saa, asikadirie. Sabuni huviua virusi vilivyo juu ya jeraha kabla ya kushika mishipa. Kisha asali Sala yake, maana mwenye udhuru husamehewa jamaa, na siku hiyo hiyo aende hospitali kupigwa sindano ya kwanza ya chanjo. Na zilizobaki azitimize kwa siku atakazopangiwa, asiache moja. Ikiwa jeraha ni kubwa au liko kichwani au usoni au mikononi, aulize pia ile dawa ya kinga iliyo tayari, iitwayo imunoglobulini. Akikuta zahanati haina chanjo, asingoje wiki ijayo, bali apande gari kwenda iliko. Hata aliyechelewa siku nyingi na aende, maadamu alama hazijatokea.

Masala ya pili. Je, alioshe jeraha mara saba na moja kwa udongo?

Jibu: Robo saa ya maji imekwisha kupita mara saba. Ama udongo, usitiwe katika jeraha bichi, kwa kuwa huleta pepopunda, na sharia haimkalifishi mtu la kumdhuru. Roho yatangulizwa. Akiwa na shaka juu ya twahara yake na amwulize mwanachuoni baada ya kutoka hospitali, si kabla. Nguo iliyopata mate huoshwa kama ilivyo katika fikihi. Wala asitie katika jeraha mafuta ya taa, wala pilipili, wala tumbaku, wala asiache lishonwe kwa haraka pasipo ushauri wa tabibu.

Masala ya tatu. Aliyeumwa katika Ramadhani angoje mpaka jua lizame?

Jibu: Asingoje. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika mkutano wa Jeddah wa mwaka 1997, imeona kwamba sindano ya dawa isiyo ya lishe haivunji saumu. Na lau ingalivunja, mgonjwa ana rukhsa ya kufungua na kulipa. Siku hulipwa, aliyekufa harudi.

Masala ya nne. Ni nini hukumu ya kombe na hirizi kwa aliyeumwa?

Jibu: Dua ni silaha ya Muislamu, nayo haigombani na dawa, Mtume amewaamrisha watu wajitibu. Lakini amwambiaye aliyeumwa kwamba kombe latosha, asiende hospitali, amejitwika dhima nzito. Aliyedhaniwa kuponywa na mganga wa namna hiyo mara nyingi aliumwa na mbwa asiyekuwa mgonjwa, au maradhi hayakumshika. Aliyeshikwa na maradhi hakurudi kutoa ushahidi.

Masala ya tano. Je, yafaa Muislamu amshike mbwa ili achanjwe, au awe mchanjaji?

Jibu: Yafaa, na kwa nia njema ana thawabu, kwa kuwa ni kuzuia madhara. Mkavu kwa mkavu hanajisiki, na akipata umaji hujitwaharisha. Mfua samaki hunuka, wala haachi kuvua.

Masala ya sita. Mbwa wasio na mwenyewe wahasiwe ili wapungue?

Jibu: Katika madhehebu ya Shafii kumhasi mnyama asiyeliwa kumekatazwa, na wako maulamaa wa zama hizi walioruhusu panapo maslaha ya wazi. Lakini kwa habari ya kichaa hapana haja ya kuingia katika khitilafu hiyo, maana kinachokata maradhi ni chanjo. Kinachopunguza mbwa wa sokoni ni kufukia matumbo na mifupa ya machinjioni, jambo ambalo liko mikononi mwa wenye mabucha, na wengi wao ni Waislamu.

Masala ya saba. Ng'ombe au mbuzi aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akaanza kubadilika, achinjwe kabla hajafa ili isipatikane khasara?

Jibu: Asichinjwe wala asiliwe wala asiuzwe. Achinjaye hutia mikono yake katika mate na ubongo wenye virusi. Aite bwana mifugo. Khasara ya mbuzi ni nyepesi kuliko khasara ya mchinjaji, na kuwauzia watu kitu chenye madhara ni ghushi.

KHATIMA

Tarehe 6 Julai mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, na mtoto akaishi. Tangu siku hiyo dawa ya kumwokoa aliyeumwa yajulikana, na siku aliyokufa Pasteur, 28 Septemba, hufanywa kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha watu juu ya kichaa. Mataifa yamenuia kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa. Nia hiyo haitatimizwa na matabibu peke yao.

Yanayompasa Muislamu wa pwani akaaye Karatu au Ngorongoro, au apitaye huko, ni machache wala si mazito. Siku ya chanjo itangazwapo, imamu na aitaje baada ya sala, na kipaza sauti cha msikiti kitumike. Mwenye duka aliye na mbwa wa kulinda na ampeleke, na asiye na mbwa amhimize jirani yake asiyekuwa Muislamu, kwa kuwa haki ya jirani haikuwekewa mpaka wa dini. Watoto wafundishwe madrasa kwamba mbwa asiyejulikana haguswi, na alalaye au alaye hachokozwi, na kwamba aumwaye na aseme siku ile ile, wala hatapigwa. Mchinjaji afukie uchafu wake. Na aliyeumwa afuate sabuni, maji, na sindano.

Mwenyezi Mungu amefundisha katika Suratul Maida kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Yule mtu wa kisimani alipata maghufira kwa kiatu kimoja cha maji. Aliona kiu akaikumbuka kiu yake. Amchanjishaye mbwa wa Karatu leo humfanyia ihsani mnyama, na nyuma ya mnyama yule yuko mtoto aendaye chuoni alfajiri na juzuu yake kwapani, asiyejua ni nani aliyemlinda.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa miongoni mwa wenye kurehemu, na awahifadhi na maradhi mabaya. Amin.